Kokoto za Kuku kwenye Tii ya Saba

Msimamizi wetu amenipa fomu ya kukabidhi kazi. Ina kisanduku kimoja cha "maarifa muhimu", na kisanduku hicho kinapokea mistari mitatu. Ukianza wa nne, kompyuta inalia kama kuku aliyekanyagwa. Nimekijaza hivi: "Ondoa theluji kabla watu hawajafika." Yaliyobaki nayaandika hapa kwa Kiswahili, kwa sababu siku hizi karakanani kwetu mko wanne mnaokisoma, na kwa sababu nimechoka kueleza jambo lilelile kila Novemba huku ninaowaeleza wakitazama simu.

Mimi si msomi. Niliacha shule Tanga nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa, mwalimu alinikataza kuuliza swali la tatu kuhusu mwezi, nikaondoka kwenda kumtafuta mtu mwingine wa kumuuliza. Nimelisha mashine za mkonge, nimepika melini, nimepaka rangi nyumba za watu Maskati, nimefungasha nyama ya bata mzinga hapahapa Minnesota mpaka vidole vikakataa kukunja. Sikukaa popote zaidi ya miaka miwili. Kazi ya bustani za mji ndiyo iliyonishika, na ilinishika kwa udadisi.

Nilikuwa naendesha teksi wakati huo, nakaa Brooklyn Park. Asubuhi moja ya Januari, baridi ya kufanya machozi yagande kwenye kope, nimetoka kumshusha abiria Fridley, namwona mzungu mrefu mwenye koleo anaingia msituni. Peke yake. Hakuna nyumba, hakuna njia, hakuna kaburi. Nikasimamisha gari na kumfuata. Nilimkuta katikati ya miti anasafisha bamba la zege, upana wa mikeka miwili hivi, kwa uangalifu wa mtu anayefagia sebule siku ya posa.

"Kuna nini chini yake?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu."

"Sasa unalisafishia nini?"

Alinitazama, akanipa koleo la pili. Akaniambia jibu linakuja kwa miguu, baada ya kama robo saa. Kweli, walikuja watu watatu na mifuko mgongoni, wakapanda juu ya zege mmoja mmoja, wakapiga hatua tatu za haraka na kurusha visahani vya plastiki kuelekea kikapu cha minyororo kilichosimama mbali kati ya mialoni. Kisha wakaenda kuviokota. Hiyo ndiyo gofu ya visahani. Wengine wanafunga utepe wa rangi kwenye kisahani ili kisipotee chini ya theluji, na bado kinapotea. Nilimwambia yule mzungu kwamba hawa watu ni wagonjwa. Akasema ndiyo, na kuna vituo kumi na nane.

Jina lake lilikuwa Dale. Baada ya wiki tatu nilikuwa na glavu za idara.

Bamba lile la kurushia linaitwa tii. Mtu asiyecheza anadhani kazi yetu ni kuondoa theluji juu ya tii. Siyo. Theluji mpya haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni theluji iliyokanyagwa. Watu kumi wakiikanyaga, jua la saa saba likailamba, usiku ukaishika, unapata kigae cha barafu, na kigae hicho hakitoki kwa koleo. Dale alikuwa akisema adui yetu si mbingu, adui yetu ni miguu. Kwa hiyo unafika kabla ya miguu. Basi. Hilo ndilo lililoingia kwenye mistari yangu mitatu, na najua mtachelewa hata hivyo.

Alinifundisha pia kwamba mrushaji hasimami pale anaporushia. Mwili unamsukuma, anatua hatua moja au mbili mbele ya zege. Kwa hiyo tii inasafishwa pamoja na hatua tatu mbele yake, na theluji inatupwa nyuma au pembeni. Kila mwaka napata mtu mpya anayesafisha zege mpaka linang'aa, halafu analundika theluji yote mbele, kwenye ukingo, kama anajenga choo. Mrushaji anakuja na imani yote duniani, anatua juu ya lile lundo, na mimi ndiye ninayeitwa ofisini.

Chumvi msiguse. Nimesema msiguse. Baridi ikizidi haifanyi kazi, baridi ikipungua inafanya kazi saa mbili tu, kisha maji yale yanaganda upya yakiwa laini zaidi. Inakula zege, na mbwa wanailamba. Wachezaji wenyewe huja nayo mifukoni, wakidhani wananisaidia. Mmoja alimwaga kahawa ya moto. Mwingine alileta majivu ya jiko lake, wote wakarudi nyumbani na suruali za wapika mkaa.

Dawa ya Dale ilikuwa kokoto za kuku. Ni vijiwe vya mwamba uliosagwa, vinauzwa kwenye maduka ya wakulima kwa wafuga kuku, maana kuku hana meno na anahitaji mawe tumboni. Hilo nililijua tangu utotoni, mama yangu alikuwa akiwavunjia kuku wake vifuu vya nazi na kuwamwagia mchanga. Kumbe hapa vinapakiwa kwenye mfuko wenye picha ya jogoo. Ukivitupa viganja viwili juu ya barafu vinauma kama meno. Haviyeyushi kitu, havichafui kitu. Nilivipenda siku ile ile.

Kila Aprili, theluji ikishaisha, Dale alikuwa akizunguka tii zote kumi na nane na beleshi dogo na ndoo, anakusanya vijiwe vile, anavibeba hadi kwenye pikapu. Kazi ya siku mbili, amepiga magoti. Mimi nilidhani ni ubahili wa kizee. Niliuliza kila kitu kwa yule mtu. Nilimuuliza kwa nini mwaloni unang'ang'ania majani yake makavu mpaka Machi, kwa nini kikapu kina minyororo ya tabaka mbili, kwa nini wazungu hawasalimiani kwa mkono msituni. Kuhusu ndoo ya Aprili sikuuliza. Baada ya majira yangu ya tatu ya baridi alistaafu, akahamia kwa binti yake kusini kwenye joto, akaniachia mtaimbo wake wenye ubapa wa kuvunjia barafu. Aprili iliyofuata nilichukua ufagio nikasukuma vijiwe kwenda mbele, vikaanguka ukingoni kwenye majani. Saa mbili, kazi imekwisha. Nilijipongeza kwa akili yangu kwa miaka kumi na moja.

Sasa tii ya saba. Mnaijua, mmeshanilaumu kwayo. Ipo ubavuni mwa kilima, kilima kiko kushoto, na mrushaji anaelekea chini bondeni. Kilima kile kinapata jua mchana. Tii iko kivulini. Miaka ya mwisho ilianza kuwa na ugonjwa: naisafisha asubuhi kavu kabisa, kesho yake nakuta kigae cha barafu kwenye pembe ya mbele kulia, pale pale mguu unapotua. Nakivunja. Kesho kimerudi. Niliweka kokoto za kuku, zikamezwa na barafu. Nikaongeza. Zikamezwa. Nilikuwa nasema nacho kama mtu na mkwe asiyempenda.

Juu ya kigae hicho ndipo alipoanguka Joanne. Joanne ni dereva mstaafu wa basi la shule, anarusha kila asubuhi isipokuwa wakati wa radi, na ndiye mchezaji pekee aliyewahi kunirudishia koleo. Alivunjika kifundo cha mkono. Msimamizi mpya, nitamwita Brent, alipiga picha ya tii, akaandika ripoti, akaniita. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. Alisema akianguka mtu mwingine mmoja majira haya, uwanja utakuwa ukifungwa kila mwaka, tangu theluji ya kwanza mpaka Aprili, vikapu vyote vikifunikwa magunia.

Joanne alinisubiri kwenye pikapu na mkono wake kwenye plasta. Hakuniuliza kuhusu barafu. Alisema hivi tu: "Wakifunga, mimi nitakaa na runinga miezi mitano. Nimemwona dada yangu akifanya hivyo. Hakutoka tena hata kulipokuwa na jua."

Hapo ndipo nilipopata wazo langu la zulia.

Msikiti wetu zamani ulikuwa duka la matairi. Tunasali pale Watanzania na jamaa wa Mombasa na Lamu, na Wasomali pia msikiti wao ukijaa. Mwaka ule walibadilisha zulia. La zamani, jekundu, lenye mistari ya safu na michoro ya mihirabu, lilikuwa limeviringishwa nyuma ya jengo likisubiri kupelekwa. Nikaenda kwa Mzee Athumani, mwenyekiti wa kamati, mtu wa Pangani, fundi muashi mstaafu aliyepita themanini. Nikamwamkia, nikamwomba. Akauliza la nini. Nikasema la kazi ya bustani. Sikusema uongo. Nadhani alifikiria maua.

Nililikata vipande, nikaweka tii ya saba na nyingine tano. Wachezaji walifurahi sana. Zulia linashika buti vizuri kuliko kitu chochote. Siku kumi nilikuwa mfalme. Siku ya kumi na moja baridi ililegea, theluji ikayeyuka, zulia likanywa maji mpaka likashiba. Siku ya kumi na mbili likaganda. Sasa nilikuwa na ubao mwekundu wa barafu, umeshikana na zege, ncha zake zimeinuka vidole viwili ili kumkamata mtu mguu kabla hajapata nafasi ya kuteleza. Ninyi mtakaopata wazo la zulia, na mtalipata, maana kila mtu hulipata: limeshajaribiwa.

Kama hilo halikutosha, siku hiyohiyo alipita Salim, kijana wa Mombasa, muuguzi wa hospitali kule Coon Rapids, ambaye sikujua kama naye amepata ugonjwa wa visahani. Aliinama, akapangusa theluji na glavu.

"Mjomba," akasema, "hii si safu yetu ya pili?"

Nikaokota koleo langu.

"Mjomba. Mimi nimesali hapa. Najua hili doa, ni la ile chai ya Maulidi."

Nilimwambia naweza kueleza. Akasema nieleze kwa wazee, na yeye angependa kuwepo, asingekosa hata kwa zamu mbili. Alishapiga picha.

Baada ya sala ya Ijumaa waliniweka kitini. Sitasimulia yote. Walioongea kwa sauti nimewasahau. Mzee Athumani aliongea kwa utulivu, macho kwenye fimbo yake.

"Hamisi, mimi si mjinga. Najua zulia likichakaa ni kitambaa. Wangelitupa jalalani, nisingelia. Lakini tulipoweka vipaji vya nyuso zetu miaka tisa, wewe umepaweka mabuti na mbwa, na hukutuambia. Ungesema."

"Ningesema msingenipa."

"Ndiyo. Ndiyo maana ya kusema."

Nikaomba radhi. Nikaahidi kuling'oa. Akasema hapana, watakuja kuling'oa wao. Nilijaribu kueleza kwamba limeganda, kuna mlima, wao ni wazee. Hakuna kitu kinachomfanya mzee wa pwani avae viatu haraka kama kuambiwa yeye ni mzee.

Walikuja Jumamosi mchana, saba, kwenye gari mbili za Sienna, wamevaa makoti juu ya kanzu, na Salim nyuma yao akiwa na simu tayari kwa picha. Kesho yake, Jumapili asubuhi, Joanne alikuwa anarudi uwanjani kwa mara ya kwanza baada ya plasta, na Brent alikuwa amesema atakuja kuangalia mwenyewe. Nilikuwa na mchana mmoja. Tii tano tulizimaliza vizuri, mimi napenyeza ubapa wa mtaimbo chini, wao wanavuta huku wakinisema. Mmoja aliuliza mchezo wenyewe ni upi. Salim akarusha kisahani, kikagonga mti na kurudi karibu na miguu yetu. Wazee wakasema wameelewa.

Ya saba ikakataa. Nilikuwa naogopa kuligonga zulia kwa nguvu mbele yao. Hapo nikasikia mfuniko wa chupa ya chai ukifunguliwa. Mzee Athumani alikuwa amebeba maji ya moto, chupa tatu kubwa, kutoka nyumbani.

Nikasema, "Mzee, tafadhali, usimwage maji hapo. Yataganda. Kesho mtu atavunjika."

"Nimeosha maiti kwa maji ya moto wakati wa baridi ya nchi hii," akasema. "Sogea."

Akamwaga. Mimi nikafumba macho. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka Jumapili asubuhi na watu wa kuwalaumu, na orodha ya pili ilikuwa fupi. Zulia likaachia kwa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, wakalivuta. Nilipofumbua, kila mtu alikuwa anakunja zulia isipokuwa Mzee Athumani. Yeye alikuwa anatazama maji.

"Njoo uone," akasema.

Maji yalikuwa yanakimbia mshazari juu ya zege, kutoka pembe ya kilimani hadi pembe ya mbele kulia. Yalipofika pale yakasimama. Hayakushuka bondeni, ingawa bonde lilikuwa hatua mbili mbele. Yalikaa kama supu kwenye sahani.

"Nimejenga mahali pa udhu kumi na nne," alisema. "Kazi yote ya sakafu ya udhu ni kuyapa maji mlango. Ukiyaingiza na usiyape mlango wa kutokea, watu watavunjika miguu na watasema ni sabuni. Hapa maji yanaingia kutoka kilimani. Mlango wake huu hapa. Nani kauziba?"

Akagonga ukingo wa mbele kwa fimbo. Ulikuwa umeinuka juu ya zege kama kizingiti, umefunikwa nyasi kavu na theluji. Nilikuwa nimeuona kila siku na kudhani ni ardhi. Nikaupiga na mtaimbo wa Dale. Haikuwa ardhi. Pigo la tatu lilitoa kipande, kikapasuka mkononi mwangu, na ndani yake kulikuwa na vijiwe vidogo vya kijivu, vimeshikana kama kashata.

"Hivi ni nini?" akauliza.

"Kokoto za kuku."

Akatazama miti. "Huku kuna kuku?"

Salim alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona ndoo ya Dale, magoti yake, siku zake mbili za Aprili. Tii nyingine ziko tambarare, vijiwe vyangu vilitawanyika tu. Hii ya ubavuni nilikuwa nimeijengea ukuta, Aprili baada ya Aprili, mimi mwenyewe, kwa ufagio. Kisha kila Januari nilikuja kuivunja barafu niliyoiita mkwe. Mtu niliyeacha shule kwa kunyimwa swali nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja bila kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Nilimweleza Mzee yote, pale pale. Hakunisema. Alichora mstari kwa fimbo, akasema nitoboe hapa, upana wa kiganja, mpaka nikute mteremko. Upande wa kilima akataka tuta la theluji iliyoshindiliwa, la kugeuza maji kabla hayajaingia. Wale wazee sita, waliokuja kunikasirikia, walishindilia tuta kwa viatu vya Ijumaa huku wakibishana kuhusu vipimo. Mimi nilipiga mtaimbo mpaka mikono ikafa ganzi. Mlango ulipofunguka, Mzee Athumani akamwaga chupa ya mwisho. Maji yakapita, yakatoka, yakaenda zao bondeni bila kuaga. Nikakwangua zege lote, nikatupa viganja viwili vya kokoto, si zaidi. Wakabeba zulia lao. Lilikaa kwenye gereji ya Mzee mpaka Machi ndipo likakauka.

Jumapili nilifika gizani bado. Pembe ilikuwa kavu. Niliipapasa kwa mkono bila glavu ili nisijidanganye.

Joanne alikuja wa kwanza, Brent nyuma yake na kahawa. Kwenye tii ya saba alisimama muda mrefu akiitazama ile pembe, akifungua na kufunga vidole vya mkono uliovunjika. Nilitaka kumwambia arushe akiwa amesimama, bila hatua. Joanne akapiga hatua tatu, akarusha, mguu ukatua pale pale. Nilisikia vijiwe vikisaga chini ya buti, kama mtu anayetafuna bisi, na mguu ukabaki. Kisahani kilipotelea kwenye theluji mbali sana na kikapu. Joanne alitukana kwa furaha, akaenda kukitafuta.

Brent aliuliza tumefanya nini. Nikamwambia kuna fundi amelitazama. Uwanja haukufungwa, na haujafungwa mpaka leo. Kiangazi nilichimba mfereji wa kweli upande wa kilima, Mzee akiwa kitini na mwavuli, akinirudisha nyuma kila nilipokosea kipimo.

Kwa hiyo sikilizeni. Mfereji wa ya saba unaziba kwa majani ya mwaloni, na mwaloni haumwagi yote Oktoba, kwa hiyo mtausafisha mara mbili. Na kila Aprili mtapiga magoti na kuzoa kokoto kwa ndoo. Si kuzifagia. Kuzizoa. Siku mbili. Mtaona ni kazi ya kijinga, na mtakuwa mmesimama wima pale mkiona hivyo.

Jambo la mwisho. Wiki hii nilimwomba Brent anifungulie ile ripoti ya Joanne. Kwenye kisanduku cha chanzo cha ajali kumeandikwa "theluji". Nikamwomba abadilishe. Akasema mfumo umeshaifunga, haiwezekani, na kwani ina ubaya gani, hapa chanzo huwa theluji siku zote. Basi naandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kunifungia. Haikuwa theluji. Ulikuwa ufagio wangu.